Mtu wa Kunywa

Darasa la nne sikulimaliza, lakini yeyote aliyeuza pamba Bariadi miaka ile ya soko huria ananijua. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua, wasomi walikaa wakiulizana kama ni kweli. Mimi nilikuwa nimeshakodi ghala. Nilianza na baiskeli, natoa dagaa Lamadi nawauza Dutwa. Nikaja kuwa na mashine ya kusaga, kisha duka, kisha lori, Kanta yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili nitakayoeleza yasikufanye ukadhani mimi ni mtu wa kutumwatumwa.

Mwaka huo mvua zilizidi na kipindupindu kikaingia. Minada ikafungwa, mama lishe wakaondolewa barabarani, Kanta ikakaa uani imefunikwa turubai na mimi pembeni yake kama mfiwa. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kambi ya wazee wasiojiweza na walemavu. Zamani mahindi yao yalikuwa yanafika kwa wakati. Mambo yalipobadilika yakawa yanafika yakijisikia. Nikasikia ugonjwa umeingia humo na wahudumu wameelemewa. Nikapakia sukari, chumvi na sabuni, nikaendesha mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilitaka pia nionekane naendesha.

Getini palikuwa na kamba na karai la maji ya klorini. Akatoka mhudumu, mwanamke wa makamo, kitenge amekifunga kwa fundo kubwa kama anayekwenda kupigana. Walikuwa wahudumu watatu. Mmoja alikataliwa na mwenye nyumba wake kurudi akitoka kambini, akaamua kuacha kazi. Wa pili alikuwa ameugua. Akabaki huyu.

"Mwangaluka, dada. Nimewaletea mzigo."

"Mwangaluka, tajiri. Asante. Shusha hapo."

Shusha hapo, basi! Nilitarajia hata kigelegele kimoja.

"Kuna kingine mnachohitaji? Sema tu. Mimi sishindwi."

Akanitazama toka viatuni hadi kofiani. "Mtu."

"Wa kubeba? Nina wapagazi."

"Wa kunywa."

Mzee mmoja wa mguu mmoja, aliyekuwa ameketi barazani na gongo lake la kutembelea, akacheka. "Mchukue huyo huyo, binti. Tumbo analo."

Nikaelezwa. Ndani mlikuwa na bibi kipofu aliyetoka upande wa Bukundi. Macho yake, kabla hayajafa, yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na kwetu unajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu husemwa nini: mchawi. Mume alipokufa walimfukuza, na kabla ya kumfukuza kuna ndugu alimpa uji uliomlaza mwezi mzima. Tangu hapo hanywi cha mtu mpaka mtu huyo aanze. Ni desturi ya wazee wetu wote, anayekaribisha huonja kwanza, lakini kwake haikuwa heshima tu. Miaka yote kambini wahudumu walionja kikombe chake, wakampa, akanywa.

Sasa bwana afya alikuwa amekataza kuchangia vikombe. Na bibi yuko kitandani, anaharisha maji matupu, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Dawa yake ni maji yaliyochemshwa, yakatiwa sukari na chumvi, kikombe baada ya kikombe kutwa nzima. Mhudumu akamimina vikombe viwili kutoka jagi moja. Bibi akasema: "Chako siwezi kukiona." Ndipo mhudumu akaukamata mkono wa bibi, akauweka kooni kwake, akanywa. Bibi akaliona koo likishuka kwa vidole vyake, naye akanywa.

"Nimekunywa naye jana kutwa," mhudumu akaniambia. "Leo nikinywa natapika. Na wengine wanne wananisubiri niwageuze. Akikauka huyu, tajiri, atakauka na maji yakiwa pembeni yake. Hilo sitaliweza."

Hapo ndipo nilipoingia mwenyewe kwenye mtego. Nikasema kunywa ni kazi ya kunishinda mimi? Nikanawa mikono, shingo na miguu, nikaingia.

Bibi alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Akanihoji kwa Kisukuma mimi mtoto wa nani, mama yangu ametoka wapi, nina ng'ombe wangapi. Kwenye ng'ombe nilijibu vizuri sana. Mwishowe akanyoosha mkono, ukanigusa kooni. Ulikuwa wa baridi.

"Koo nene," akasema. "Huyu anakula."

Nikainua kikombe. Na hapa niseme kweli, maana aliyeniona ni asiyeona peke yake. Niliogopa. Nilinusa chumba, nikatazama ndoo iliyokuwa chini ya kitanda, nikajiwaza nazikwa na watu wa halmashauri bila ndugu. Nikagusisha kikombe mdomoni, nikaifunga midomo, nikameza mate.

Vidole vikatulia.

"Umemeza mate," akasema. "Maji hushuka kwa kishindo." Akaondoa mkono, akageukia ukutani, akafunga kinywa.

Nikabembeleza. Nikanywa kweli, kikombe kizima, kwa sauti, hakugeuka. Mhudumu aliporudi na shuka mikononi alimkuta hivyo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliziacha shuka zikaanguka, akaketi sakafuni palepale, akasema taratibu: "Tajiri, hilo mimi siwezi kulirudisha. Sina nguvu nyingine." Kisha akainuka akaenda kwa wale wanne, maana walikuwa wanaita.

Mimi nimewahi kubishana bei na watu wagumu. Nimewahi kulala porini na marobota ya pamba. Sijawahi kukaa mahali nikajiona mdogo kama nilivyojiona kwenye kile kigoda. Midomo ya bibi ilikuwa imekauka na kupasuka, na inzi alikuwa anaizunguka. Nikamfukuza kwa kofia. Nikasema lililokuwepo.

"Mayu, mama yangu, niliogopa."

Bila kugeuka akauliza: "Uliogopa nini?"

"Kufa."

Inzi akarudi, nikamfukuza tena.

"Hata mimi, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe.

Mkono ukarudi nyuma ukipapasa hewani, unanitafuta. Nikausogezea shingo.

Nikanywa. Yale maji yana ladha ya machozi yaliyotiwa sukari. Yakashuka kwa kishindo, naye akafungua kinywa, nikamwekea kikombe chake. Kidogo kidogo, akipumzika. Kikaisha. Nikamimina vingine viwili. Nilikunywa mpaka jua likaanza kushuka, na kesho yake nikarudi nikanywa tena tangu asubuhi, na nasema bila kuogopa kubishiwa kwamba Bariadi hajawahi kutokea mtu aliyekunywa maji ya chumvi kama mimi. Kila nilipokimbilia chooni, mzee wa mguu mmoja alinisindikiza kwa maneno.

"Ngosha, kati yenu mgonjwa ni nani hasa?"

"Chunga gongo lako, mzee!"

"Halikimbii kama wewe."

Bwana afya alikuwa amemwambia mhudumu: siku mtakapoona mkojo, mjue mwili umeanza kurudi. Alasiri ya siku hiyo ya pili bibi akasema anataka kopo. Nikatoka nje kwa adabu. Mhudumu akamsaidia, halafu akatokea mlangoni na lile kopo, akaliinamisha kwenye mwanga nione. Ulikuwa kidogo, umekolea kama chai isiyo na maziwa. Mimi mwenye ghala na Kanta nilipiga makofi kwa ajili ya mkojo wa bibi nisiye na undugu naye. Mhudumu akacheka, ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake. Akanawa mikono, akaketi akiegemea ukuta wa chumba kile, akaanza kusema, "Ngoja nipumzike ki..." na hakumaliza. Usingizi ulimkata hapohapo, kichwa kimeanguka begani, fundo la kitenge limelegea.

Maji yalikuwa bado yanatakiwa kuendelea. Nikamimina vikombe viwili, nikajikohoza niliandae koo.

"Dada yuko wapi?" bibi akauliza. "Simsikii."

"Amelala, mayu. Hapa ukutani."

Akasikiliza. Pumzi ya mhudumu ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Tangu lini hajalala?"

"Sijui. Siku nyingi."

"Lete kikombe."

"Ngoja nianze mimi," nikasema, na sauti yangu mnaijua ilivyo kubwa.

"Nyamaza," akanong'ona. "Utamwamsha." Akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea, akanywa chote.