Mkate wa Nyumba ya Msiba

Brijitha alikuwa fundi cherehani, na mtaani kwake, kando ya mto Meenachil, watu walisema kitambaa kikimshinda yeye basi kitupwe. Alishona majoho ya mapadri, magauni ya komunyo ya kwanza, na zile blauzi nyeupe za vibibi wa zamani ambao hawakuwahi kuikubali sari. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mfupi, miwani imefungwa kamba, mdomo mgumu kufunguka. Mdomo huo ndio uliomponza, lakini nani wa kumlaumu? Mambo mengine ukiyasema unakosa pa kuishi.

Miaka thelathini na moja aliishi na Eliswa. Eliswa alikuwa nesi aliyerudi kutoka Kuwait, mrefu, mkali wa sauti, akajinunulia kipande cha ardhi chenye miti ya mpira na kujenga nyumba ya vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na kitanda chao. Cha pili kilikuwa na kitanda cha Brijitha, ambacho Brijitha hakuwahi kukilalia hata siku moja, ila kila Jumamosi alibadilisha shuka zake, akapiga pasi na foronya. Wageni wakija walionyeshwa vyumba vyote viwili. Watu wa mtaa waliwaita "wale dada wawili", na mwenye akili yake alijua, na asiyejua alikuwa hataki kujua. Hivyo ndivyo tunavyoishi na majirani: tunaonana mpaka uvunguni, kisha tunasalimiana kuhusu mvua.

Imani hakuiacha, msije mkadhani. Alipokuwa na miaka thelathini na miwili, wala hawajamaliza mwaka katika nyumba ile, Brijitha alishikwa na hofu ya moto wa milele, akapanda basi kwenda kwenye kituo cha mafungo ambako watu huombewa uponyaji. Siku tano alikula wali mkavu na kulala sakafuni na wanawake mia mbili. Siku ya nne mhubiri alisema, "Kuna mtu hapa ana ugonjwa ambao hajamwambia hata mama yake. Asimame, Bwana amguse!" Brijitha akasimama. Wakasimama na wengine arobaini, ikawa vigumu kujua Bwana alimlenga nani. Akalia, akawekewa mikono kichwani, akaanguka kama walivyoanguka wenzake.

Aliporudi alimkuta Eliswa ameketi kibarazani, macho yamevimba, sanduku lake limefungwa kamba. Alikuwa amejiandaa kuondoka katika nyumba yake mwenyewe.

"Umepona?" Eliswa akauliza.

"Mgongo umepona," Brijitha akajibu. "Ule wa upande wa kushoto. Kabisa."

"Na mengine?"

"Mengine Bwana kayaangalia akayaacha."

Eliswa alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile walikwenda kanisani pamoja kila Jumapili, benchi la tatu kutoka nyuma, na Brijitha akaacha kumwomba Mungu amwondolee asichotaka kuondolewa. Akawa anamwomba kitu kimoja tu: wafe siku moja wote wawili, au yeye atangulie. Mungu ana kazi nyingi. Hilo hakulishughulikia.

Eliswa alifariki mwezi wa Agosti, hospitalini, moyo. Kaka yake, Devassy, alikuja na gari, akamchukua marehemu moja kwa moja hadi nyumba ya ukoo, umbali wa saa nzima, akamzika katika kaburi la ukoo. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama desturi inavyotaka: binti asiyeolewa ni wa kaka yake. Kwenye mazishi Devassy alisimama kichwani pa jeneza, mkewe kando yake, watoto wao kando yao, wakapokea rambirambi. Brijitha alisimama karibu na ukuta na watu wa mtaa. Padri alipowaita jamaa kumbusu marehemu mara ya mwisho, aliwataja kwa mpangilio: ndugu, mashemeji, wapwa, binamu. Alipofika kwa marafiki na majirani, jua lilikuwa limeinama na mawingu yameanza kushuka, na mtu akasema wafunge jeneza kabla mvua haijaingia. Wakafunga. Mbele ya Brijitha walikuwa wamebaki watu wanne.

Kuanzia siku ile watu walimwambia pole, na kila pole ilimkata. "Pole, dada, rafiki mzuri ni adimu." "Pole, utapata upweke kidogo mwanzoni." Hata Aley, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupoa, alikuja mwezi wa Oktoba akachungulia ndani, akasema, "Kile chumba kingine si sasa kiko wazi? Mpangishe nesi mmoja wa hospitali, akuchangamshe." Brijitha alimtengenezea chai. Alipoondoka, aliingia katika chumba cha pili, akang'oa shuka alizozipiga pasi miaka thelathini na moja, akazitupa sakafuni. Kisha akaziokota, akazifua.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Mjane akitoka nje, wanawake humshika mkono. Mume aliyefiwa, majirani humpelekea mchuzi wa samaki kwa mwezi mzima mpaka anaomba wapumzike. Brijitha alitaka mtu mmoja, hata mmoja, amtazame na kumwona mfiwa. Kulia alilia, lakini alilia kwa kujiiba, bomba la maji likiwa wazi.

Ikaja Kwaresima, na nyuma yake Juma Kuu, na hapo ndipo jambo lilipombana.

Jioni ya Alhamisi Kuu kila nyumba ya Kikristo kwetu hupika mkate wake: unga wa mchele na dengu, nazi, vitunguu vidogo, bizari, bila chachu, kwa mvuke. Juu yake huwekwa msalaba wa jani la mnazi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Baada ya sala mkubwa wa nyumba huukata, akampa kila mmoja kipande chake, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na tui lililokolea sukari guru. Lakini nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka haipiki. Moto wa mkate hauwashwi humo. Majirani ndio huleta. Na jambo hilo haliombwi wala haliahidiwi. Ni aibu mfiwa kuuliza, na ni aibu jirani kutangaza. Mtu anatokea tu mlangoni na bahasha ya jani la mgomba.

Sasa je, nyumba ya Brijitha ilikuwa imefiwa, au haikufiwa? Msiba ulikuwa umeandikwa kwa Devassy. Majirani wa Devassy wangempelekea yeye mkate, hilo halina shaka. Lakini hapa? Akipika, atakuwa ametangaza kwa mikono yake kwamba hakuna aliyekufa katika nyumba hii. Asipopika, na mtu asilete, itakuwa Alhamisi Kuu ya kwanza maishani mwake asiyoonja mkate wa Bwana, na majirani wote watakuwa wamemjibu bila kufungua mdomo.

Jumatatu hakununua dengu. Jumanne akanunua, "kwa ajili ya mchuzi," alimwambia muuza duka ambaye hakuuliza. Jumatano Aley alimwita juu ya ukuta.

"Brijitha! Una vitunguu vidogo? Vya kwangu vimeoza vyote, ni kama nimevitunza kwapani."

Akampa. Akasubiri aseme neno jingine.

"Na Pailo goti limemvimba tena," Aley akasema, Pailo akiwa mumewe. "Kesho sijui atapigaje magoti. Atasali kachuchumaa kama kuku." Akaenda zake.

Alhamisi Brijitha alienda kanisani, akamtazama padri akiwaosha wazee kumi na wawili miguu iliyooshwa tayari nyumbani kwa sabuni. Nje ya kanisa watu walisalimiana upesi upesi, kila mmoja na haraka ya jiko lake. Alitembea polepole, ili anayetaka kumwambia kitu ampate. Hakuna aliyemfuata.

Akafika nyumbani, akafungua mlango wa mbele wazi, akaketi. Saa kumi na mbili ya jioni ikapita. Moshi ukaanza kupanda kutoka majiko ya pande zote, na harufu ya nazi na sukari guru ikaingia bila kubisha hodi. Nyumba ya upande wa mtoni wakaanza wimbo wa sala. Kisha nyumba ya juu ya kilima. Kisha kwa Aley, sauti ya Pailo ikiburuta zaburi. Brijitha aliusikiliza kila wimbo mpaka ukaisha. Kila ulipoisha aliukodolea macho mlango, na mlangoni palikuwa na giza linaloanza kuingia na paka wa mtu.

"Bwana," akasema kwa sauti, "thelathini na moja. Hukuona hata mwaka mmoja?"

Akanyanyuka. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira aliyokuwa akiilaza tangu Agosti. Akaushusha unga, akasaga dengu, akakuna nazi mpaka akajikuna kidole. "Haya," alikuwa akisema akikanda, "haya basi. Hakufa mtu hapa. Sikufiwa. Nilikuwa na mpangaji, kahama." Akawasha moto, akabandika sufuria, akaweka sinia la unga juu ya mvuke, akafunika kifuniko kwa kishindo. Kisha akasimama mbele ya jiko, mikono imejaa unga, na akajua kwamba ameshamaliza. Amemzika Eliswa mara ya pili, na safari hii mchimba kaburi ni yeye mwenyewe.

"Mwenye nyumba! We Brijitha!"

Aley alikuwa ameshaingia bila kusubiri jibu. Mkono mmoja kashika bahasha kubwa ya jani la mgomba, wa pili bakuli la tui lililofunikwa. Jasho linamtiririka.

"Usiniulize kwa nini nimechelewa. Pailo kaamua leo ndiyo siku ya kusali zaburi zote alizoruka mwaka mzima. Na mkate hautoki nyumbani mpaka ukatwe, sasa nami nifanyeje, nimnyang'anye kisu? Nimekuja mbio, tui limenimwagikia mpaka..."

Pua yake ikapanda. Akaangalia jiko, akaangalia sufuria, akaangalia mikono ya Brijitha.

"Hiyo ni nini?"

Brijitha akaificha mikono yenye unga nyuma yake.

"Nakuuliza wewe! Hiyo inayochemka ni nini?" Aley akaweka vitu mezani, akafunua kifuniko, mvuke ukampiga usoni. "Yesu na Mariamu! Umewasha moto? Brijitha, una wazimu? Mtu kafa ndani ya nyumba hii, hata mwaka haujatimia, na wewe umesimama hapa unapika mkate kama bibi harusi! Hukufunzwa kwenu? Nani kakwambia mfiwa hupika?"

Brijitha alishika ukingo wa meza.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini? Nimesema una wazimu!"

"Hilo jingine."

Aley alikuwa amefungua mdomo kuendelea kugomba, maana akianza huwa haishii njiani. Akamtazama jirani yake. Sijui aliona nini, lakini mdomo ulifungwa, na kwa Aley hilo ni tukio. Alipolisema tena lile neno, alilisema taratibu.

"Umefiwa, Brijitha. Mfiwa hapiki."

Hapo Brijitha akakaa chini, pale pale sakafuni, akalia. Hakufungua bomba. Alilia kwa sauti ambayo nyumba ya upande wa mtoni waliisikia, na hakuna aliyekuja kuuliza kuna nini, kwa sababu kilio cha mfiwa kila mtu anakijua.

Aley aliuvuta ukuni wa mwisho nje ya jiko, akaumwagia maji. Mkate uliokuwa kwenye mvuke akaukagua, akauminya kwa kidole.

"Haujawekewa msalaba bado, kwa hiyo ni chakula tu. Huu nitampa Pailo kesho asubuhi, nimwambie ni adhabu ya zaburi." Akaleta sahani, akafungua jani la mgomba, akamwagia tui. "Kaa hapo hapo. Usinyanyuke. Mikono nitakunawisha."

Akamnawisha, kidole kimoja kimoja, akitoa unga kwenye kucha. Akampa kipande, na Brijitha akakipokea kwa mikono miwili, akala. Walikaa sakafuni wote wawili, magoti yakiwalalamikia.

Kwetu mfiwa huulizwa. Kila anayekuja kumpa pole humwomba asimulie saa za mwisho za marehemu, naye husimulia, mara mia, mpaka maneno yenyewe yachakae na maumivu yachakae nayo. Devassy aliulizwa na kila mtu, naye siku ile hakuwepo hospitalini. Alisimulia ya kusikia. Brijitha, aliyekuwepo, tangu Agosti alikuwa ameyabeba yote mabichi.

Aley akajifuta mikono kwenye sari, akajiegemeza ukutani kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Haya," akasema. "Nisimulie. Ilikuwaje siku ile?"

Brijitha akajifuta tui kwenye vidole.

"Asubuhi alikataa uji," akasema. "Alisema nimeupunja chumvi. Tulikuwa tumegombana kuhusu chumvi."