Somo Yangu Peggy

Nikisikia harufu ya iliki, moyo hunisinyaa hata leo. Waswidi huitia iliki kwenye mikate yao mitamu, basi kila nipitapo mlangoni pa duka la mikate hapa Stockholm, hujikuta nimerudi jikoni kwetu Fisksätra, pembezoni mwa jiji, miaka ya themanini, theluji imeganda dirishani, mama anakanda unga wa mandazi na kuniita, "Magreti, njoo uonje!"

Jina hilo nililipenda. Baba ndiye aliyelichagua. Alimwambia mama kuwa ni la shangazi yake aliyemlea Bukoba, akafariki kabla baba hajaoa. Mama ni mtu wa Tanga, ukoo wa Bukoba hakuujua, akalipokea kwa mikono miwili. Baba alikuwa mkali kwa mambo mawili: Kiswidi mezani, na uongo. Ukimjibu kwa Kiswidi alijifanya kiziwi. Ukikana kulamba sukari alikwambia, "Njia ya mwongo fupi," na kweli hukufika mbali.

Jumapili nyingi alikuja Shangazi Peggy, Mganda aliyekaa Södertälje. Baba alisema walisoma pamoja, ni kama dada yake wa tumbo moja. Alinifumia glavu nyekundu, akanitania kwa Kiswahili chake cha Kampala, na mama hakumwacha aondoke bila kifuko cha mandazi. Nilimpenda kweli kweli. Jambo moja tu lilinishangaza: hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Kwake nilikuwa "toto".

Mwaka tulioanza Kiingereza shuleni, mwalimu wetu, bibi mmoja aliyeipenda Uingereza kuliko Waingereza wenyewe, alitusimulia habari za majina. Waingereza, alisema, hawatosheki kulikata jina, hulichezea mpaka mwenyewe asilitambue. Zamani walisema "mine Ed", yaani Ed wangu, ile n ikateleza ikaganda kwenye jina, Edward akawa Ned. William akawa Will, wakaigeuza sauti ya mwanzo, akawa Bill. Kwetu Abdallah akiitwa Dula, angalau unamwona Abdallah ndani yake. Tulicheka sana. Kisha mwalimu akanigeukia mimi. Margaret, akasema, alikuwa Meg, Meg akawa Peg kwa mchezo uleule, na Peg akawa Peggy.

Nilitaka kupaa. Mama alikuwa amenifundisha kwamba mwenye jina kama lako ni somo yako, na somo si mtu wa hivi hivi: unamtania, unampa zawadi, unamshika mkono njiani. Mimi sikuwahi kuwa na somo ila yule wa kaburini. Sasa nilikuwa naye aliye hai, tena anayejua kufuma glavu.

Jumapili ilipofika, sahani ya mandazi ikiwa katikati ya meza, nilimrukia Shangazi Peggy shingoni. "Kumbe wewe ni somo yangu!"

Mama akacheka. "Somo yako vipi? Huyu si Peggy?"

Nikamweleza kwa vidole, kama mwalimu: Margaret, Meg, Peg, Peggy. Nilipofika kidole cha mwisho niliona ninacheka peke yangu.

"Wifi," mama akasema taratibu, "jina lako la ubatizo nani?"

Shangazi Peggy aliitazama chai yake. "Ni Margaret. Lakini mambo ya zamani hayo, banange, jamani. Yaliisha."

Mama akamgeukia baba. "Na yule shangazi yako wa Bukoba, alizikwa wapi?"

Baba alilitafuna andazi lake muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza mezani petu akasema Kiswidi: "Gå till ditt rum." Niende chumbani kwangu. Nilipokuwa natoka nilimsikia mama, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Njia ya mwongo fupi, Baba Magreti."

Shangazi Peggy hakuja tena. Wazazi wangu hawakuachana. Glavu nilizitumbukiza kwenye pipa la taka, vidole vyangu vikapata baridi, nami nikalia kwa hasira: baba alikuwa amenidanganya tangu siku niliyozaliwa, na yule niliyempenda alijua. Tangu hapo, baba akiniambia mvua inanyesha, nilichungulia dirishani kwanza. Mama hakulitamka jina langu tena. Nikawa "mwanangu". Hata tulipopotezana kwenye umati wa stesheni ya Slussen alipiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu!" Nilidhani ananiadhibu kwa mdomo wangu, na iliniuma miaka mingi.

Leo nami nina mtoto, na watu huniita kwa jina lake. Siku ya kwanza nilipoitwa hivyo nilijiona malkia, halafu nikamkumbuka mama, nikakaa chini. Nilikuwa nikifikiri jina lililochezewa ni langu tu. Kumbe naye alivishwa lilelile. Kwenye sherehe zetu za Waswahili, Wakenya, Wakongo na Watanzania wote walimwita kwa heshima tele, toka upande wa pili wa ukumbi: "Mama Magreti!" Naye, aliyeshindwa kulitamka jina hilo nyumbani kwake, aliweka sahani chini, akageuka, akatabasamu, akaitika, "Abee."