Mazoezi Aliyoyaruka Fundi

Kwa miaka mingi ya ndoa, fundi cherehani alikuwa na mume wa kupita. Barabarani walimwita Breki, dereva wa lori la mizigo, na safari zake zikianza hujui zitaisha lini. Akirudi alikula, akalala, akacheza na watoto, na kabla nyumba haijamzoea, simu ya tajiri wake, mwenye lori, ililia. Mkewe alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, akalea, wala hakulalamika. Ila zipo nguo alizozishona huku akilia, na wenyewe walizivaa bila kujua.

Siku moja Breki aliteleza juu ya mzigo akikaza turubai, akaangukia kichwa. Hospitali walimpasua kutoa damu iliyovilia ndani. Alipozinduka, mkono na mguu wa kushoto havikumsikia, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

Daktari wa mazoezi, mama mnene asiye na subira na uzembe, alimfundisha mke namna ya kukisukuma kifundo cha mguu kuelekea juu, na namna ya kumsimamisha mgonjwa kitini bila kumvuta.

"Mguu haujafa," alisema. "Umesahau kazi tu. Muukumbushe kila siku, hata akinuna."

Fundi akaukumbusha. Asubuhi, kabla ya wateja, alipiga magoti na kuushika ule mguu.

"Bosi hajaripoti kazini leo," Breki alisema siku ulimi wake ulipoanza kufunguka, akiutazama.

"Mwambie tutamkata mshahara."

Walicheka. Mazoezi yakiisha, Breki alikaa karibu na cherehani akimshikia ncha ya kitambaa kwa mkono ule mzito. Akajua majina ya walimu wa watoto. Akaanza kumuuliza mkewe mambo ambayo hakuwahi kumuuliza: alikuwa anaota nini, nani alimfundisha kushona. Fundi alijua kabisa kwamba hajawahi kuwa na raha kama hiyo katika ndoa yake, na kujua huko kulimtia aibu.

Kisha Breki akatembea mwenyewe toka mezani hadi mlangoni. Alisimama akiegemea fremu, akitazama barabara.

"Mguu huu ukikaa sawa," alisema, "tajiri hawezi kuninyima hata gari dogo."

Fundi alimpigia makofi huku moyo ukimuuma.

Tangu siku hiyo visingizio vikaanza. Leo una uchovu, pumzika. Leo wateja wamejaa. Breki akitaka kwenda uani, kiti kilikuwa kimeshasogezwa karibu, na mkono wa mkewe uko begani kumkalisha. Naye alimwamini, akakaa.

Dada yake Breki alikuja kumtazama. "Wifi, Mungu atakulipa," alisema. "Mwingine angeshafungasha virago."

"Ah, kawaida tu," fundi alijibu, akakimbilia jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Waliporudi kliniki, daktari wa mazoezi alikishika kifundo, akakunja uso. "Kimekakamaa. Mazoezi mnafanya kweli?"

Fundi alifungua mdomo, lakini Breki akamwahi. "Mimi ndiye mvivu, daktari. Yeye ananisukuma, mimi nazembea."

Akagombezwa yeye, mpaka daktari akachoka. Fundi aliinamisha kichwa.

Nje, kwenye benchi la korido, alishindwa kuvumilia. "Kwa nini umejisingizia?"

"Sikutaka akuseme. Ulipoanza kuyaruka mazoezi, nilidhani umenichoka."

"Sijakuchoka. Niliogopa ukipona utaondoka tena."

Breki aliusugua mguu wake.

"Mguu ni wangu," alisema mwishowe. "Ungeniambia."

Walianza upya. Kifundo kikafungwa kifaa cha kukinyoosha, na kila asubuhi Breki aliuma meno hadi jasho likamtoka. Fundi hakuruka tena hata zoezi moja. Kila mumewe alipoguna, alijua maumivu mengine ameyaleta yeye.

Breki sasa anatembea kwa fimbo. Udereva madaktari walimkataza, kwa sababu jicho la kushoto halioni vizuri pembeni. Tajiri alimpa kazi ya kukagua mizigo kwenye yadi, na jioni anarudi nyumbani. Fundi amepata alichokitamani, ila hajawahi kukishukuru kwa sauti. Maongezi yao yamerudi, ingawa Breki akichoka huwa anamtazama kidogo kabla ya kuomba msaada.

Kisigino cha mguu ule bado hakigusi chini vizuri. Siku ya mwisho ya kliniki, fundi alimfuata daktari kwenye sinki, Breki akiwa anavaa kiatu.

"Kama nisingeyaruka yale mazoezi, kisigino kingeshuka?"

Daktari aliendelea kunawa mikono. "Labda. Labda kingebaki hivihivi. Siwezi kujua, mama, na wewe huwezi."

Fundi alisubiri agombezwe. Daktari alijifuta mikono, akaita mgonjwa mwingine.