Karakana ya Arlys Haikufungwa

Arlys Tollefson akikwambia msumeno wako umekufa, umekufa, kauzike. Akikwambia utapona, nenda nyumbani, rudi Jumanne. Miaka thelathini na minne ananoa minyororo ya misumeno na kufufua mashine za kukatia majani kwenye karakana iliyoshikana na nyumba yake, Mtaa wa Kinu, hapa Osgood Rapids, Wisconsin. Hata kanisani mikono yake inanuka petroli. Siku moja mama mmoja alijiziba pua, Arlys akamgeukia: "Na wewe unanuka marashi ya bei ya kutupa, mbona mimi nimenyamaza?"

Mimi ni Bernadine Kluck, jirani yake ng'ambo ya barabara, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa kamati ya mipango ya mji. Kazi ya karani ni kuandika na kufunga mdomo. Kuandika nilikuweza.

Sasa sheria iko hivi. Mtaa wetu ulitangazwa kuwa wa makazi tu wakati Arlys ameshafungua, kwa hiyo karakana yake iliachwa iendelee kwa kuwa ilitangulia. Ila ikikaa kimya miezi kumi na miwili mfululizo, haki hiyo imekufa, na hakuna wa kuifufua. Akatokea mjenzi mmoja, akanunua kiwanda kibovu cha kusindika njegere kilicho ubavuni mwa Arlys, ajenge nyumba za kupangisha za watu wa mjini wanaokuja kupumzika mwisho wa wiki. Watu hao hawapendi kuamshwa na msumeno. Basi akaleta barua kwa kamati: karakana ilifungwa miezi kumi na minne, wakati Orrin, mume wa Arlys, akiugua mapafu hadi kufa. Aliambatanisha picha ya mlango wa karakana. Mlangoni pamebandikwa tangazo kubwa: IMEFUNGWA. ARLYS ANAMUUGUZA ORRIN. MSIMSUMBUE.

Mungu wangu! Tangazo lile nililiandika mimi, kwa mkono wangu huu na kalamu nene. Ndivyo tulivyo hapa kwetu. Mtu akiuguliwa hatumuulizi anataka nini. Tunampelekea viazi vya oveni, tunamwondolea theluji mlangoni, tunamwamulia mambo yake, kisha tunarudi nyumbani tumeridhika.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa moja ya jioni, ukumbi umejaa. Mwenyekiti wetu, Gordon Haase, muuza bima, aliweka ile saa yake ya jikoni mezani: dakika tatu kila msemaji, ikilia umekwisha. Wakili wa mjenzi alizungumza kwa adabu, akainua ile picha, akaketi. Arlys akasimama na koti lake la kazi. Nyuma yake alikaa binti yake, Kirsten, ambaye ndiye wa kuirithi karakana.

"Arlys, dada yangu," Gordon akaanza, kwa sauti ile ya kubembelezea wateja, "hapa hatutaki ugomvi. Tutakupa kibali maalumu. Fanya kazi siku zako zote. Ukishaondoka duniani, pale panabaki nyumba tu kama nyumba nyingine."

"Yaani mnakaa mnanisubiri nife."

"Jamani, nimesema hivyo?"

"Umesema. Kirsten ananoa mnyororo kunishinda mimi niliyemfundisha. Mimi nikichoka, anaingia yeye. Kibali chako weka mfukoni, Gordon. Mtu haombi ruhusa ya kitu chake."

"Lakini tangazo linasema umefunga."

"Sikuliweka mimi."

"Aliliweka nani?"

 Arlys alikuwa anajua vizuri sana. Saa ikawa inakwenda, kra kra kra, dakika zake zinaliwa, na yeye ametazama mbele tu, hageuki kwangu. Afadhali aipoteze karakana pale pale kuliko kunitaja mbele za watu. Hasira zikanipanda, za kujikasirikia mwenyewe, nikaweka kalamu chini.

"Mimi," nikasema.

"Bernadine, karani hatoi ushahidi."

"Basi tafuta karani mwingine." Nikamsukumia daftari, nikazunguka meza, nikasimama kwenye kipaza sauti. "Haya, anza kuhesabu dakika zangu."

 Nikasema nililibandika bila kumuuliza mwenye mlango. Nikasema chumba changu kinatazamana na karakana ile, na katika miezi yote hiyo haikupita Jumanne sijasikia jiwe la kunolea likilia mchana, Orrin akisinzia.

"Na wewe, Gordon! Mashine yako ya kuondolea theluji ilitengenezwa Januari, Orrin akiwa kitandani. Uliipitisha mlango wa nyuma, unanyata kama mwizi, kwa kuogopa tangazo langu. Bisha!"

Watu wakaangua kicheko. Wakili akainuka kupinga.

"Keti, baba, dakika zangu hazijaisha."

Gordon alikuwa mwekundu hadi masikio. Hakubisha. Alikiri kuhusu mashine, akajitoa kwenye kura, na wajumbe wanne waliobaki wakapiga: watatu kwa mmoja, karakana inabaki, na Kirsten akiitaka ni yake. Matokeo Gordon aliyaandika mwenyewe, maana karani hakuwepo.

Nje, kwenye maegesho, nilimngoja Arlys nikitarajia kukumbatiwa. Kwa kweli nilijiona shujaa.

"Usinishukuru," nikamwambia.

"Wala sikuwa na mpango huo." Akafungua mlango wa gari lake, akaushikilia. "Wakati ule Orrin anakohoa damu, Bernadine, na mimi mle ndani sina ninachoweza kukitengeneza. Nikisikia gari linasimama nje, moyo unaruka: kazi hiyo! Halafu dereva anasoma maandishi yako, anaondoka. Wenye uso mkavu wachache tu ndio waliozunguka nyuma. Miezi kumi na minne."

 "Kwa nini hukuling'oa?"

"Ungelia," akasema. "Na mimi sikuwa na nguvu ya kubembeleza watu wawili."