Ngazi za Kwenye Shuka

Umeme ukikatika hapa Makambako, jirani yangu mwenye gesti huwasha jenereta, na harufu ya petroli ikishaingia dirishani kwangu, mimi kukaa siwezi. Natoka, narudi, nafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Wajukuu wananicheka. Juzi mmoja alinionyesha kwenye simu picha aliyopigwa Dar es Salaam, amesimama mbele ya geti la nyumba inayoonekana kwenye tamthilia yao ya kila jioni. Eti watu wanapanga foleni wapigwe picha na geti. Nikamwambia, mjukuu wangu, hayo mimi niliyaanza kabla mama yako hajazaliwa. Hakuniamini. Ndiyo maana naandika, na mwandiko mnisamehe, shule niliishia darasa la nne, tena lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya surua, lakini ya surua tuyaache.

Gari la sinema lilikuja kijijini kwetu, upande wa Njombe, na jenereta lake likinguruma hivi hivi. Walifunga shuka jeupe kati ya miti miwili ya miwati, na giza lilipoingia tukaona mwizi wa sanduku akikimbizwa mjini, mpaka akaanguka kwenye ngazi za jengo moja lenye nguzo nyeupe. Tulicheka mpaka machozi. Katikati ya kicheko hicho Mama akanibana mkono.

"Baba yako," akasema. "Kapita nyuma ya mwizi, kabeba kitanda kichwani."

Nilipotazama, aliyepita amekwisha kupita.

Baba alikuwa ameondoka miaka minne nyuma kwenda Dar kutafuta kazi, na hatukupata hata barua. Wiki hiyo hiyo ukoo ulikuwa umekubaliana aliliwe kama aliyekufa, matanga yafanyike baada ya mavuno, halafu Mama arithiwe na baba mdogo, ndugu yake Baba. Mchungaji alikataza kurithi wajane. Wazee walimwitikia amina kanisani, wakirudi nyumbani wanaendelea na yao. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya asipokunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nisimsingizie, ila msimu wa ulanzi kwetu ni mrefu.

Mama akasimama kwenye kikao, akawaambia amemwona mumewe kwenye sinema.

"Umeona kivuli kwenye shuka, shemeji," akasema baba mdogo. "Kesho wakilifua, ataondoka na povu."

Wazee wakacheka. Babu, aliyemzaa Baba, hakucheka. Alitoa hukumu: kama ngazi zile zipo kweli duniani, basi na mtu aliyepita hapo yupo. Kama ni za kuchora, tutalia. Hakuna aliyeona kasoro katika hukumu hiyo, hata mwalimu wetu.

Mama aliuza nguruwe, tukapanda treni hapa Makambako. Alinichukua mimi, akamwacha kaka yangu aliyekijua Kiswahili kuliko mimi. Njia nzima sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaomba kwenda chooni bila haja. Nilikuwa napanga nitakavyomsalimia Baba, nimwambie kamwene ya kwetu au shikamoo ya shule. Kila stesheni nilitoa kichwa dirishani kuchungulia wanaume waliobeba mizigo.

Dar, ngazi hazikutusumbua. Kila tuliyemuuliza alizijua. "Zile za mwizi? Nyooka hivyo hivyo." Tukafika asubuhi, jasho likitutoka ndani ya masweta yetu. Muuza kahawa aliyekaa pembeni akayatazama hayo masweta, akatabasamu.

"Na nyinyi mmekuja kuona alipoangukia? Juzi alikuja mzee mmoja wa Tabora, akataka na yeye aanguke."

Mama alipanda ngazi moja moja, akagusa nguzo, akanitaka na mimi niguse. Akaniambia nihesabu ngazi. Kumi na moja. Akaniambia nirudie.

"Mama, tuulize habari za Baba."

"Tazama vizuri."

Muuza kahawa akaona nahangaika. "Mnamtafuta mtu, mama? Mimi siku ile ya sinema nilikuwepo hapa hapa. Waliopita nawajua karibu wote."

Nikafungua mdomo, Mama akaniwahi kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Hapana, baba. Tunatazama tu."

Akaninunulia kashata, akanivuta kurudi stesheni. Nilimwita mpumbavu kwa Kibena, mbele za watu, na hakunipiga. Kashata niliitupa. Niliijutia mpaka Makambako.

Nyumbani, wazee hawakumuuliza Mama hata neno. Waliniita mimi peke yangu. Kijiji kizima kiliujua mdomo wangu, haufichi kitu. Babu mwenyewe nilishamsema kwa Mchungaji kwa ulanzi wa Jumapili.

"Ngazi zipo?" akauliza Babu.

"Zipo."

"Ngapi?"

"Kumi na moja. Na nguzo zipo, nimezigusa."

Babu akashusha pumzi. "Basi mwanangu yu hai."

Baba mdogo akasonya, akatoka. Matanga hayakufanyika, na Mama alilima shamba lake mwenyewe mpaka uzeeni. Baba hakurudi.

Nilikuwa nimeshazaa watoto watatu ndipo siku moja, napalilia viazi, nikasimama katikati ya shamba na jembe mkononi. Yule muuza kahawa angeweza kutuambia Baba amekufa. Angeweza kusema ana mke mwingine, au mbeba kitanda ni mtu mwingine kabisa, wa huko huko Dar. Lolote ambalo angesema, mimi ningelifikisha kwa wazee kama lilivyo. Mama alikwenda Dar na mdomo wangu, akahakikisha unarudi na ngazi tu.

Nilimuuliza mara moja, amekwisha kuwa bibi, kama kweli alimwona. Aliendelea kumenya viazi.

"Wewe ulikaa karibu na shuka kuliko mimi," akasema. "Ulimwona nani?"

Mimi nilikuwa namtazama mwizi, kama watu wote.