Wasifu wa Mheshimiwa Orville

Kosa langu la kwanza katika uandishi lilikuwa kumzika mtu kabla ya kumtambulisha. Hata leo nikinusa sanitaiza ya bei rahisi, ile kali kama pombe, narudi kwenye fleti yetu ya Doonside, huku ughaibuni, wakati wa lockdown. Ilikuwa alasiri, na Mama amelala baada ya shifti ya usiku katika nyumba ya wazee.

Mwalimu wa Sunday school alikuwa ametuambia tusimulie kwenye Zoom, kwa Kiswahili, maisha ya kiongozi. Wenzangu walichukua marais. Mimi, niliyeogopa kulinganishwa na yeyote, nilimchimbua mtandaoni Mmarekani aitwaye Orville, mbunge wa jimbo la mashambani, ambaye kazi yake yote ilikuwa kudai daraja moja. Alishindwa uchaguzi, akarudi kuuza mbegu, akagombea tena. Nilitamani kujua mtu huamkaje asubuhi baada ya kukataliwa na majirani zake.

Lakini Kiswahili cha kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza wasifu wa marehemu kwenye mazishi ya Zoom, ambayo siku hizo hayakutuishia. Basi nikasimama sebuleni, nikasoma kwa sauti nzito: "Marehemu aliugua kwa muda mfupi. Alipenda watu..."

Mlango ukafunguka. Mama, leso begani, miguu mitupu. "Wamepiga simu? Sema! Mama ametuacha?"

Nyanya, mama yake, alikuwa hospitalini Nakuru akipumua kwa oksijeni, na mipaka ilikuwa imefungwa.

"Sorry, Mum. Ni Orville tu."

"Orville ni nani?"

"Mbunge. Wa Amerika."

Akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. "Wewe utaniua! Unamlilia mzungu wa watu hivyo, na hata jina hujamtaja?" Akajifuta uso. "Haya, endelea. Hilo daraja alilipata?"

"Lilijengwa akiwa ameshashindwa. Walimwalika kulifungua, wakamketisha nyuma."

"Akaenda?"

"Akaenda."

Mama akachukua simu, akapiga Nakuru bila kungoja kupigiwa. Aliposimuliwa kisa chote, Nyanya, kwa sauti nyembamba, alitaka kujua huyo Orville alikuwa wa kanisa gani.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba Mama alikuwa akiusikia wasifu kama ule, wa mama yake, kichwani kila simu ilipolia, na mimi nikamsomea kwa sauti.

Siku hizi, nikiandika maisha ya mtu, naanza na jina lake.