Siku Walipomlaza Binti Yangu kwa Tumbo

Binti yangu wa pili ana jina la marehemu mama yangu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo tangu azaliwe mimi humwita Mama. Hata nikimgombeza, namgombeza kwa heshima. Aliposhikwa na nimonia huko Kiritiri, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, tulimkimbiza hospitali moja mjini Embu, akawekwa kwa mashine ya kupumua.

Mimi shule nilisoma kidogo tu. Nikaona ile mashine inampa pumzi ndogo ndogo, kifua hakiinuki vizuri, nikamwambia daktari, "Mwanangu, si uongeze hewa. Kwani inaisha?"

Hakunicheka. Aliniita nyanya kwa lugha yetu: "Cucu, mapafu yake yameumia na yamejaa maji. Nikisukuma kwa nguvu nitazidi kuyaumiza. Tunampa kidogo kidogo yapate nafasi ya kupona."

Hilo nililielewa. Lililonishinda lilikuja kesho yake, hewa kwenye damu ilipozidi kushuka. Daktari akasema watamgeuza alale kwa tumbo. Sasa mama yangu, enzi zake, hakuruhusu mtu alale hivyo nyumbani. Alisema ni kuita msiba. Na huyu ndiye mwenye jina lake. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Mama yangu hamtamlaza hivyo."

Muuguzi mmoja, msichana wa kutoka Kiirua, akanishika mkono. "Cucu, mtoto wako akibanwa na kifua, ulikuwa unamlaza wapi?"

"Kwa mapaja yangu, nimpigepige mgongo."

"Akiangalia wapi?"

"Chini."

"Basi huyu amekuwa mkubwa, Cucu, mapaja yako hayamtoshi. Wacha tutumie kitanda."

Nikawapisha. Walimgeuza wakiwa wengi, mmoja akishikilia ule mpira wa mdomoni unaopitisha hewa ya mashine, kama mtu aliyebeba yai. Kufikia jioni hewa ilikuwa imeanza kupanda. Wakawa wanamgeuza na kumrudisha, siku baada ya siku, bila kunung'unika, mpaka wakautoa ule mpira.

Majina yao wote ninayo, hata la mama aliyekuwa akipiga deki. Hapa siyaandiki kwa sababu hawakunituma, lakini nikiomba asubuhi nayataja moja moja, na chai inapoa mezani.

Siku alipoweza kusema, sauti ilikuwa ya kukwaruza. Aliniangalia, akauliza, "Mbuzi wanafunguliwa na nani?"

"Mama," nikamwambia, "wewe pumua tu."